Nilivyobishania Namba ya Damu Yangu

Nakumbuka mchana mmoja mjini Migori nilipobishana na karatasi ya maabara kama mtu anayebishana bei na mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Karatasi haikunijibu, mwanangu, nami nikadhani nimeshinda.

Siku hizo nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Niliuza njugu na mahindi sokoni Kosele, kwa gorogoro, mkebe ule wa kilo mbili ambao wewe umezaliwa ukaukuta. Sijawahi kuhesabu kitu mara moja. Mkulima akiniambia magunia ni kumi na mawili, nahesabu mbele ya uso wake, kisha nazunguka upande wa pili wa lori nahesabu tena, kwa sababu mara moja niliwahi kukuta gunia la kumi na mbili ni mpakiaji amelala.

Mke wangu watu walimwita Nyar Kendu, binti wa Kendu, kwa kuwa nilimtoa Kendu Bay. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa na nyumba ilikuwa kimya. Yeye alikuwa amekwisha kupimwa kila kinachopimwa kwa mwanamke, wakamwambia hospitalini hana kasoro, amlete mume. Habari hiyo alinipa akiwa anapepeta njugu, bila kuinua uso.

"Wamesema ni zamu yako."

"Nitaenda."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Soko la Kosele lina siku yake, baba. Hiyo nafasi yako nayo ina siku gani?"

Nilienda, lakini sikwenda alikonituma. Alitaka nikapimwe mbegu, zihesabiwe kama zipo na kama zinatembea. Nikawaza kichupa nitakachopewa na mlango nitakaoonyeshwa, na foleni ya watu walionunua njugu kwangu wakinisubiri nitoke. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi uchi wangu niliuficha hadi Migori, mji ambako hakuna anayenijua kwa jina. Huko nikaomba nipimwe nguvu za kiume kwenye damu. Damu haina aibu. Unatoa mkono tu. Tazama basi kosa la kwanza: nilitumwa unga, nikaenda kununua chumvi, na bado nikajiona mtu mwenye bidii.

Majibu yakatoka. Testosteroni, ile homoni ya uanaume, ilikuwa tisa. Kando yake waliandika kwamba kawaida ni kutoka nane hadi ishirini na tisa.

"Uko ndani ya kawaida," akasema kijana wa maabara.

"Kawaida ya wapi? Tisa, na wengine wana ishirini na tisa?"

Unielewe, mwanangu. Mimi ni mtu wa gorogoro. Mama wa Kosele ukimpimia njugu zilizolingana na mdomo wa mkebe, hasemi kitu. Anakutazama tu, mpaka uongeze kilele zianze kumwagika. Kwangu kipimo kisicho na kilele ni matusi. Nikaona yule Mungu aliyenipimia alinipunja, na kwamba kazi yangu ni kudai nyongeza.

"Mzee, hapa hatuongezi, tunapima tu," kijana akasema. "Kama una wasiwasi, rudi siku nyingine asubuhi mapema. Hii homoni asubuhi huwa juu, mchana inashuka. Sasa ni saa tisa, na macho yako yanasema hukulala."

Ni kweli sikuwa nimelala. Nilikesha Uriri nikipakia mahindi. Lakini nilimwona kama mtu anayenitafutia biashara ya pili. Mimi ninayehesabu hata mayai mara mbili, siku hiyo nilikataa kuhesabu damu yangu mara mbili. Hadi leo najiuliza kwa nini. Nafikiri mtu akishaamua kununua, hesabu humkera.

Hatua mia moja kutoka hapo palikuwa na kemisti, duka la dawa. Mwenye duka alinyanyua vyuma kila jioni na watu wakamwita Daktari Chuma, ingawa udaktari wenyewe hakuna aliyeuona. Nikamwekea karatasi mezani.

"Tisa?" akasema. "Omera, ndugu yangu, hii ni ya babu yangu. Na babu yangu tulishamzika."

"Kuna dawa?"

"Kuna sindano. Moja kila baada ya wiki mbili. Utapanda hadi uogope mwenyewe."

"Na mtoto?"

"Mwanaume akizidi uanaume, mtoto atakosaje kuja?"

Hoja hiyo niliiona imenyooka kama rula. Nikaanza kubishania bei, na nilibisha vizuri, mpaka akakubali kunidunga bila malipo ya ziada na kuniongezea pamba ya bure juu yake. Nikarudi Kosele nikipiga mluzi. Katika maisha yangu yote sijapata punguzo zuri kama lile, na kwa kitu kibaya namna ile.

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Mwezi wa kwanza nilibeba magunia bila kungoja wapakiaji. Sauti ilinenepa. Niligombana na watu watatu sokoni kwa siku moja, wawili kati yao wakiwa wateja. Nyar Kendu akaniuliza ninakunywa nini siku hizi, nikamjibu, uji. Mgongo ukaota chunusi kama wa mtoto wa sekondari. Na kule chini, nisamehe lakini wewe ni mtu mzima, wale wawili wakaanza kunywea kama njugu zilizosahauliwa juani. Nilihesabu, nikahesabu tena. Walikuwa wawili bado, ila mkebe haujai. Nilishangaa: mbona huku kote napanda, na huku nashuka? Swali lilikuwa zuri sana. Sikumuuliza mtu.

Mwezi wa tano mke wangu alichoka kungoja nafasi yangu. Asubuhi moja alivaa gauni la kanisani, akafunga kibanda chetu siku ya soko yenyewe, akaniambia, "Twende Homa Bay." Mwanamke wa Kendu akifunga biashara siku ya soko, usimuulize kitu. Tafuta viatu.

Huko hospitalini alikuwa amepanga tuonane na Mama Auma, daktari wa makamo aliyetibu watu kwa miaka mingi, miwani imening'inia kifuani, haraka hana. Kichupa nilichokikimbia hadi Migori nikapewa. Mlango nikaonyeshwa. Kwenye foleni, kumbe, kila mtu alikuwa na shida zake na hakuna aliyenitazama. Damu nayo wakachukua.

Tulipoitwa, Mama Auma aliweka karatasi mbili mezani. Mimi nikaisoma ya damu kwanza: testosteroni, elfu moja na kumi. Nikashindwa kujizuia.

"Nimetoka tisa hadi elfu moja!"

"Jakosele," akasema, yaani mtu wa Kosele, "wewe unauza nini?"

"Njugu na mahindi."

"Mtu akikuambia ana tisa, na mwingine ana mia nne, utasema nani ana mahindi mengi?"

"Nitauliza kwanza tisa nini. Ni magunia au gorogoro?"

"Basi mbona damu hukuiuliza? Maabara ya Migori walitumia kipimo kimoja, sisi hapa tunatumia kingine. Hii elfu yako, kwa kipimo cha kule, ni kama thelathini na tano. Na hata hiyo ni nyingi kupita kiasi. Unajidunga nini?"

Nyar Kendu aligeuka polepole akanitazama. Nikasema yote, mpaka pamba ya bure.

Mama Auma akavuta karatasi ya pili. "Mbegu: hakuna. Hata moja."

"Wahesabu tena," nikasema.

"Wamehesabu mara mbili."

Nikamwambia haiwezekani, mwanaume akizidi uanaume mtoto atakosaje. Hakunicheka. Akaniuliza, "Malori ya mahindi ya Tanzania yakivuka mpaka yakajaza kila ghala, mkulima wa Uriri hufanya nini?"

"Haoni haja ya kulima. Msimu huo anaacha."

"Na shamba lisipolimwa, mbegu zitatoka wapi? Ubongo wako ndio dalali. Kila siku hutuma habari chini: ghala limepungua, limeni. Wewe ukaleta malori. Dalali akaona ghala limefurika, akanyamaza. Shamba likalala. Na homoni na mbegu za mtoto hulimwa katika shamba hilo hilo moja."

Mke wangu ndiye aliyesema baada yake, kwa sauti ndogo. "Miezi mitano. Mimi nilikuwa nahesabu siku zangu kila mwezi. Wewe ulikuwa unazifuta."

Mchuma janga hula na wa kwao. Methali hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni. Siku hiyo niliiona imeketi kando yangu, imevaa gauni la kanisani.

"Zitarudi?" Nyar Kendu akauliza.

"Mara nyingi hurudi, akiacha sindano. Wengine miezi, wengine mwaka na zaidi. Ahadi sitoi."

Tungeweza kuondoka hapo, lakini mimi swali likinikaa kooni silali. Nikamuuliza hiyo kawaida ni nani aliiamua. Akavaa miwani, nadhani alifurahi kuulizwa. Akasema walipima wanaume wengi wenye afya, wakawapanga kutoka wa chini hadi wa juu, wakakata ncha mbili, wakabaki na kundi kubwa la katikati. Hiyo ndiyo kawaida. Aliye na kumi na aliye na ishirini na tano wote wamo, na huwezi kuwatofautisha wakipita barabarani.

"Na hao waliopimwa, kulikuwa na mtu hata mmoja wa Kosele?"

"Hilo hata mimi nimejiuliza," akasema. "Ndiyo maana sisomi namba peke yake. Namsoma mtu. Analala? Anaumwa? Tumbo limezidi? Hamu imekufa? Halafu napima asubuhi, na siku nyingine asubuhi tena. Zikiwa chini mara zote mbili, na mwili wenyewe unalalamika, hapo ndipo natafuta sababu."

Akaniambia pia, na hili usilisahau, kwamba wapo wanaume wanaohitaji dawa ile kwa haki: ambao shamba lao liliharibiwa na ugonjwa au ajali, au dalali wao hana sauti. Kwa hao ni kama miwani kwa asiyeona vizuri, nao hufuatiliwa, damu ikipimwa isije ikawa nzito mno. Na anayetaka mtoto huambiwa mapema, kwa sababu kwake kuna njia nyingine. Kumbe dawa haikuwa mwizi. Mwizi alikuwa pupa yangu, na Chuma alimfungulia tu mlango.

Niliacha. Wiki nyingi za mwanzo mwili ulikaa kama soko siku isiyo ya soko. Sindano imekwisha na shamba halijaamka. Nilikuwa mchovu, mwenye huzuni isiyo na jina. Nyar Kendu hakunisemesha sana, lakini kila tarehe ya kliniki alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Mwezi wa tatu, sifuri. Mwezi wa saba, chache, nazo zimejikalia. Baada ya mwaka na kidogo, Mama Auma akageuza karatasi ili mke wangu aisome mwenyewe: zipo, nyingi, zinatembea. Na ile homoni, iliyopimwa asubuhi mbili tofauti nikiwa nimelala vizuri, kwa kipimo cha Migori ilikuwa kumi na tatu, kisha kumi na nne.

"Kumi na nne," Nyar Kendu akasema tukitoka. "Yaani hii ndiyo uliyokuwa unaikimbia?"

Miezi mitano baadaye aliniambia amepata mimba, tena akipepeta njugu bila kuinua uso. Yule dada yako mkubwa anayetusumbua kwa karo ya chuo kikuu, ndiye aliyezaliwa. Kwa nini ile miaka minne ya kwanza ilipita bure, sijui mpaka leo. Mama Auma naye alisema hajui. Si kila hesabu hufunga.

Sasa sikiliza, mwanangu. Najua simuni mwako kuna vijana wenye vifua vipana wanaokuambia uanaume wako umeshuka, na wote, kwa bahati ya ajabu, wana kitu cha kukuuzia. Usimuulize muuzaji kama unahitaji bidhaa yake. Ukiona mwili umebadilika, nenda hospitali, sema ukweli wote, hata ule unaokuaibisha, maana daktari hawezi kutibu ulichokificha. Ukipewa namba, uliza imepimwa kwa kipimo gani, saa ngapi, na kama itarudiwa. Kawaida ni uwanja mpana. Ukishakuwa ndani, usipigane kwenda kusimama ukingoni. Kabla hujaingiza chochote mwilini kikuongeze, uliza kitalaza nini. Na kama kuna mtu anayengoja mtoto pamoja nawe, mwambie kabla, si baada. Mwili ni wako, lakini miezi ni yenu wawili.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe usingizi mzito na asubuhi nyepesi. Akupe mwenzi wa kukushika mkono mpaka mlango unaouogopa. Na siku utakayopimwa, upimwe na mtu asiye na haraka, mwenye kukutazama wewe kabla ya kuitazama karatasi. Nenda salama.