Nyingine Kama Hii

Watu hawaji kwangu na jina la filamu. Wanakuja na flashi mkononi na sentensi moja: "Dada, niwekee nyingine kama hii." Kibanda changu kiko mtaa wa Ng'ambo mjini kwetu, katikati ya fundi baiskeli na mama anayeshona sare za shule, na kazi yangu ni kuingiza filamu kwenye flashi na simu. Za Kihindi ninazo, za Kikorea ninazo, na za kwetu pia. Lakini nimejulikana kwa anime za mapepo, zile katuni za Kijapani ambamo kijana wa kawaida anaingiliwa na kitu kisichoonekana, anapata nguvu za ajabu, na tangu hapo hapumziki tena.

Kumtafutia mtu nyingine kama hii si kazi nyepesi, ingawa wengi wanaichukulia hivyo. Wenzangu wa sokoni wakiona upanga huku na upanga kule, wanasema zinafanana. Mtu amekuomba asali, unampa sukari kwa kuwa vyote ni vitamu. Mimi huuliza kwanza: huyo kijana wako, nguvu yake anailipia nini? Kwa maana katika hadithi hizi hakuna cha bure. Yupo anayelipa kwa mwili, kila pambano linamla kidogo. Yupo anayelipa kwa kumbukumbu, mwisho hamtambui hata aliyemzaa. Na yupo aliyerithi tu, kama watu wanavyorithi uganga, bila kuulizwa kama anautaka. Aliyempenda wa kwanza usimpe wa tatu, atakurudia kesho uso umekunjamana.

Halafu nauliza la pili: ulipenda zaidi wanapopigana, au wanapokula? Watu hucheka, lakini hapo ndipo ninapopata njia. Dereva mmoja wa bodaboda kutoka Puge aliwahi kuniambia, kwa aibu, kwamba mapigano yote anayapeleka mbele, anangojea wale wawindaji wa mapepo warudi nyumbani wakae wapike. Nilimpa hadithi ya binti anayemlisha pepo wa kisima ili asimeze kijiji. Alirudi na furaha, akanunua flashi nyingine palepale.

Basi hiyo ilikuwa sehemu yangu. Sehemu nyingine ilikuwa ya mdogo wangu wa kiume, na lazima niseme ukweli kwamba yake ndiyo iliyokuwa kubwa. Anime huja kwa Kijapani, na maandishi ya Kiingereza yanakimbia chini ya picha. Mdogo wangu alikuwa anazitafsiri kwa sauti, kama wafanyavyo madijei wa filamu. Alikaa chumbani kwake nyumbani kwa mama, katundika mablanketi ukutani na mlangoni kuzuia kelele, kavaa vile vya masikioni, maikrofoni imegusana na mdomo, anasema maneno ya watu wote peke yake. Pepo mkubwa alimpa lafudhi ya mnunuzi wa ng'ombe wa Igunga. Wachawi wadogo waliongea kama mgambo wanaofukuza machinga. Mimi nilikuwa nasafisha sauti kwenye kompyuta kabla hatujaanza kuuza.

Kelele moja mablanketi hayakuiweza. Mama huita watu kula kwa sauti ya mtu anayeita shambani, na jiko liko nyuma ya ukuta wa chumba kile. Katikati ya pambano, pepo ananguruma, mara unasikia kwa mbali: "Wewe! Ugali unapoa!" Na mdogo wangu, bila kusimamisha kurekodi, anajibu kwa sauti ileile ya pepo, lakini chini chini: "Naja, mama. Nimalizie huyu kwanza." Nilitaka kukata kipande hicho. Alikataa kabisa, akasema hapo ndipo filamu inakuwa ya kwetu. Na watu waliipenda. Wateja wangu wa Ulyankulu, watoto wa watu wa kanisani, walikuwa wakifika wananisalimia hivyo: Naja, mama.

Mama hakujua lolote kati ya hayo. Zile filamu aliziita mashetani na hakuzitazama. Alichokijua yeye ni kwamba anaita na hajibiwi. Ilikuwa kero yake ya kila siku. "Nimezaa kiziwi," alikuwa anawaambia majirani, "tena kiziwi mwenye maspika."

Siku aliyokufa mdogo wangu, mama aliita hivyohivyo mchana. Kimya. Akaita tena. Akakasirika, akafunika sahani, akasema njaa itamfundisha, akaenda kujinyoosha. Jioni nilitoka kibandani, nikasogeza blanketi la mlangoni, nikamkuta. Ulikuwa moyo, uliokuwa na hitilafu tangu azaliwe. Tuliambiwa zamani kwamba siku moja unaweza kusimama, na kwa kuwa haukusimama miaka yote hiyo, tukasahau.

Nimesema fundi baiskeli ni jirani yangu. Ni Mgogo, na sisi Wanyamwezi ni watani wa Wagogo tangu enzi za misafara, wazee walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo ya pembe kwenda pwani na kugombana njia nzima. Msibani mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kulala mlangoni jeneza lisipite, anaweza kumsema marehemu, anaweza kumwigiza. Na hakasirikiwi. Ndiyo kanuni. Basi siku ya pili ya matanga fundi alivaa shati la mdogo wangu, akajifunga mpira wa ndani wa baiskeli kichwani kama vile vya masikioni, akasimama katikati ya uwanja. Akaita kwa sauti nyembamba ya mama: "Wewe! Ugali unapoa!" Kisha akashusha sauti ya pepo: "Naja, mama." Vijana waliangua kicheko mpaka machozi yakawatoka. Nadhani ndipo walipolia kwa kweli.

Mama aliinuka, akaingia ndani. Hakumkemea fundi, kwa kuwa mtani hasemwi. Lakini tangu siku ile aliacha kutuita kula. Akawa anapika, anafunika, anakaa kwenye kigoda anatazama mlango. Anayetaka achungulie mwenyewe. Na yeye alikula kidogo kiasi kwamba vazi lilianza kumzidi mabegani. Shangazi alimwambia utakufa na wewe. Mama akasema, "Siwezi kuita." Hakufafanua, nasi hatukuuliza, na nikawa naona anapungua hivihivi.

Mimi nilikuwa na ganzi. Sina neno jingine. Watu waliniangalia kama nitalia, nikawa nawaandalia chai. Kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona, unajua ni wako, unaukanyagia, hausikii ardhi. Mjomba aliomba sauti ya marehemu isisikike mitaani kabla ya arobaini. Nilihamisha kazi zake zote kwenye diski ya pembeni, nikabakiza zile za Kijapani tupu. Arobaini ikapita. Hakuna aliyenikataza kuzirudisha, nami sikuzirudisha. Diski ilikaa kwenye droo pamoja na waya zilizokufa.

Kazi iliendelea. Flashi, dada, nyingine kama hii. Niliuliza maswali yangu yaleyale, nikachagua kwa uangalifu uleule, na nadhani sijawahi kuchagua vizuri kama miezi ile, maana sikuwa na upendeleo wa kitu chochote. Hata hivyo flashi zilirudi. Mama mshonaji, ambaye hushona huku akiangalia wawindaji wa mapepo kwenye simu iliyoegemea cherehani, alinirudishia mara kwa mara. "Nzuri," alisema, "lakini si kama ile." Nilimpa nyingine, ambayo kwa malipo ya nguvu, kwa mapishi, kwa kila kitu, ilikuwa pacha wa ile. "Nzuri pia," akasema, akatazama pembeni. Dereva wa Puge naye vilevile. Walikuwa wanaomba sauti ya mdogo wangu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitamka hilo mbele yangu. Nilijua. Niliendelea kupendekeza.

Halafu asubuhi moja mama akaja kibandani. Hakuwahi kukanyaga pale. Fundi baiskeli alisimama na mikono yake ya grisi, akasema, "Shikamoo mama." "Marahaba," mama akajibu bila kumtazama, akaingia, akakaa kwenye stuli ya wateja, kibegi magotini.

"Yule mtani," akasema, "siku ile msibani alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anamwigiza mdogo wangu, mama."

"Hilo nililiona. Nauliza kwa nini alinitia na mimi humo. Watu wakacheka kwamba naita, naita, na wa kunijibu ni maiti."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa amekibeba muda wote ule. Nilifungua droo. Mikono yangu ilifanya kazi kama kwa mteja yeyote: waya, diski, folda, ile ya pepo wa kisima. Nilimpa vya masikioni akavikataa, kwa hiyo nikafungulia spika. Sauti ya mdogo wangu ikajaa kibanda kizima, inanguruma Kiswahili cha mnunuzi wa ng'ombe. Nilitazama mstari wa muda unavyosogea kwenye kioo. Cherehani ya jirani ilisimama. Nje, fundi aliweka spana chini.

Mama alisikia sauti yake mwenyewe ikiita. Alishtuka, akageuka nyuma kama kuna mtu mlangoni. Kisha likaja jibu, karibu kabisa, kana kwamba linasemwa sikioni: Naja, mama. Nimalizie huyu kwanza.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akataka tena, nikarudisha tena.

"Alinijibu."

"Alikuwa anakujibu kila siku, mama. Ziko nyingi humu. Maikrofoni ilikuwa mdomoni, hakupaza sauti, na yale mablanketi yalizuia hata hiyo ndogo isikufikie. Mtani hakukucheka. Wote humu mjini wanakufahamu kwa hilo."

Mama alikunja na kukunjua ukanda wa kibegi. Nilidhani yamekwisha. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Na siku ile?"

Siku ile hakuwa anarekodi. Nilipoingia chumbani kompyuta ilikuwa baridi. Na daktari alitueleza mimi na mjomba, tumesimama ukumbini hospitali, kwamba aliaga dunia mapema asubuhi, muda mrefu kabla mtu hajabandika sufuria ya ugali. Mama hatukumwambia, kwa kuwa kila mmoja wetu alimwachia mwenzake.

"Siku ile pia," nikasema. "Alikujibu. Ni wewe hukusikia."

Alinitazama. Mama yangu si mtu wa kudanganywa kirahisi, na mimi sijui kudanganya. Tangu utotoni, nikisema uongo, masikio yangu hucheza yakanisaliti.

"Alisemaje?"

"Alisema naja."

Nilijaribu kulirudia neno hilo vizuri likakataa, kisha nikasikia kifua changu kinatoa mlio ambao sikuuagiza, na machozi yakaanza kunidondokea kwenye kibodi mbele ya cherehani, fundi na wateja waliokuwa wamefika na flashi zao. Mama aliinuka kwenye stuli akazunguka meza.

"Basi, mwanangu," akasema, akinifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Basi. Nimesikia."