Froukje Aliyesahauliwa Gulioni

Froukje Sinnema alikuwa na macho, na mumewe Douwe alikuwa na mdomo. Ndivyo watu wa mji wao wa Franeker walivyozoea kusema juu ya wawili hao, na wenyewe hawakukataa. Kwa miaka ishirini na sita, kila Septemba ilipoingia, walifunga duka lao la vitu vya zamani, wakawapakia watoto kwenye gari jeupe la mizigo, wakatoka Uholanzi kuteremka Ufaransa, kuzunguka magulio ya vijijini. Froukje angeishika shuka kwa vidole viwili na kujua ni kitani au pamba, na kama imefumwa kwa mkono. Kununua ilikuwa kazi ya Douwe. Yeye ndiye aliyekuwa na Kifaransa, utani na subira ya kunywa glasi mbili na muuzaji kabla ya kutaja bei. Froukje alisimama nyuma yake, mikono mifukoni mwa koti, na akigusa sikio lake la kushoto Douwe alijua kwamba hiki tusikiache.

Douwe alifariki Februari moja asubuhi, ameketi ukingoni mwa kitanda akivaa soksi. Septemba mbili zikapita, gari halijatoka Franeker. Ya tatu ilipokaribia, binti yao Nynke akapiga simu kutoka Utrecht.

"Mama, mwaka huu twende. Mimi, wewe na Jelmer. Kama zamani."

"Jelmer amekubali?"

"Amekubali. Ataendesha gari la Baba, mimi nitakuja na langu."

Froukje alikata simu akabaki amesimama jikoni, hajui aanze na lipi. Mwishowe akaoka mikate miwili ya sukari, ile ambayo watoto walikuwa wakigombania vipande vya katikati.

Safari ilianza Ijumaa. Alikaa mbele na mwanawe. Jelmer alikuwa na kidubwasha cha simu sikioni, na kuanzia Franeker hadi mpaka wa Ubelgiji alizungumza na watu wa kazini kwake. Walipopita mahali ambapo zamani tairi lilipasuka na Douwe akalibadilisha huku mvua ikimnyeshea, Froukje akasema, "Unapakumbuka hapa?" Jelmer akainua kidole kimoja, asimtazame. Froukje akakata kipande cha mkate akakila mwenyewe, akitazama mashamba ya viazi yakipita.

Hotelini walichukua vyumba vitatu. Zamani wote wanne walilala kimoja, wakicheka mikoromo ya Douwe hadi mtu wa jirani agonge ukuta. Sasa Froukje alikuwa na vitanda viwili peke yake. Asubuhi aliposhuka kunywa kahawa aliwakuta watoto wameinamiana, wakisemezana kwa sauti ya chini. Walipomwona wakanyooka.

"Umelala vizuri, Mama?" Nynke akauliza.

"Vizuri."

Jumamosi nzima walizunguka hivyo: watoto mbele, mama nyuma. Walikuwa wema kwake. Walimshikia mlango, walimnunulia maji. Lakini hawakumuuliza hata mara moja, hiki je, tukichukue?

Jumapili walifika kwenye kijiji kimoja nje ya mji wa Amiens ambako kila nyumba hutoa vitu vyake barabarani mara moja kwa mwaka. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa meza, birika za bati, vitanda vya chuma, masanduku ya mvinyo. Huko mwishoni, chini ya turubai la bluu, alikaa mwanamke wa miaka sabini hivi, mfupi, mwenye aproni ya maua. Mbele yake lilikuwa rundo la shuka. Froukje akaishika ya juu kwa vidole viwili, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa moyo wake ukaruka.

"Kitani?" akauliza. Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea maji tu.

"Kitani tupu. Za bibi yangu, mzaa mama. Kumi na mbili, na hakuna iliyowahi kulaliwa. Aliziweka kwa ajili ya wageni."

"Wageni wapi?"

"Hawakuja," mwanamke akasema. "Unataka za kulalia au za kutundika ukutani?"

"Mimi kuuza. Duka."

"Aa, mfanyabiashara. Basi bei imepanda."

Wote wawili wakacheka. Froukje akageuka kuwatafuta wanawe, na mkono wake wenyewe ukapanda ukagusa sikio la kushoto. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akalipa bei aliyotajiwa. Kubishana alitamani, ila maneno hakuwa nayo.

Jelmer akatokea anahema.

"Shuka tena, Mama? Dukani si zimejaa?"

"Hizi si kama zile."

"Shuka ni shuka. Sikiliza, mvua inakuja, na tukichelewa tutakwama Antwerp. Mimi nimepata kioo cha sebuleni kwangu, kikubwa, nimekiegemeza kwenye kiti chako. Kwa hiyo utarudi na Nynke. Nitamwambia."

"Sawa. Naenda chooni kwanza."

Akamwomba mwanamke wa shuka amtunzie rundo lake, akaenda kwenye ukumbi wa parokia. Foleni ilikuwa ndefu, na choo kilikuwa kimoja. Mkoba wake, wenye simu, ulikuwa garini kwa Jelmer, miguuni pa kiti.

Jelmer alimwandikia dada yake ujumbe, badala ya kumwambia. Nynke hakuusoma. Alimwona kaka yake akiondoa gari la Baba, akajua moja kwa moja kwamba Mama yumo, maana miaka yote mahali pa Mama ni kwenye gari lile. Naye akawasha lake akamfuata.

Froukje aliporudi, mahali palipokuwa na magari mawili pamebaki nyasi zilizolala. Akadhani wameenda kujaza mafuta. Akasubiri nusu saa kando ya barabara, amesimama wima kama mtu anayetarajiwa. Kisha akarudi kwenye turubai la bluu.

"Watoto wangu," akasema, "kwenda."

"Wamekwenda wapi?"

"Uholanzi."

Mwanamke akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Bila wewe?"

"Bila mimi."

"Wana umri gani, hao watoto?"

"Thelathini na nne. Thelathini na moja."

"Basi wakubwa wa kutosha kumpoteza mtu." Akageukia lori dogo ambamo mzee mmoja, mumewe, alikuwa amekaa na gazeti. "Fernand. Huyu mama kasahauliwa na wanawe."

"Nani kafa?" mzee akauliza.

"Hajafa mtu. Kasahauliwa."

"Aa," mzee akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Mwanamke huyo aliitwa Mauricette. Alimkalisha kwenye kiti cha kukunja, akampa simu. Hapo ndipo Froukje alipogundua kwamba namba za wanawe hazimo kichwani mwake. Zilikuwamo mbili tu. Kidole chake kikaanza chenyewe kubonyeza ile ya Douwe, na sauti ya mashine ikamwambia kwa Kiholanzi kwamba namba hiyo haitumiki. Akapiga ya pili, ya dukani, akaisikia sauti yake mwenyewe kwenye mashine ya kurekodi, changamfu kama ya mtu aliyeamka na siku njema: "Hapa ni kwa Sinnema. Tumekwenda Ufaransa, familia nzima. Tutarudi Jumanne. Acha ujumbe."

Akauacha. "Ni mimi," akasema. "Niko kijijini, penye kanisa. Niko salama, msihangaike." Aliporudisha simu alijua vizuri kwamba atakayeusikiliza ujumbe ule Jumanne asubuhi ni yeye mwenyewe.

Mauricette akammiminia supu ya liki, mboga ya jamii ya kitunguu, kutoka kwenye chupa ya chai, akamvunjia mkate. Froukje akamsaidia kufungasha: vikombe kwenye magazeti, visu kwenye kitambaa. Walifanya kazi bila maneno mengi, na kwa muda ule hali ilikuwa nzuri. Lakini saa kumi Mauricette akatazama saa yake akasikitika.

"Leo ni ubatizo wa mjukuu wa dada yangu. Wanatungoja mezani. Njoo nasi, chakula kipo."

"Na watoto kuja?"

"Wakija wasubiri na wao. Waonje."

Froukje alitamani kwenda. Akaiona kabisa meza yenyewe, watu wakipeana sahani. Akatikisa kichwa. Mauricette akamwachia kile kiti. "Ukiondoka, kiache mlangoni pa kanisa. Nani atakiiba? Hata mimi sikitaki."

Lori likaondoka. Meza zikaisha moja baada ya nyingine, wanaume wa halmashauri wakakusanya vizuizi vya barabarani, na uwanja ukabaki na karatasi na maboksi yaliyolowa. Ile mvua ya Jelmer ilikuwa manyunyu tu. Froukje akaketi mbele ya kanisa, shuka kumi na mbili mapajani. Vijana wawili, mke na mume, wakapita wakasimama.

"Unauza hizo?"

"Hapana."

"Na kiti je?"

"Si changu."

Wakaenda zao.

Hakuwa na hofu. Alijua watarudi. Kilichomuuma ni jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Kila mmoja alidhani yuko na mwenzake. Akaanza kuzirudia Jumapili za miaka miwili iliyopita, alizokaa jikoni na birika la chai lenye kujaza vikombe vinne, na akaona kwamba nazo zilipita vivyo hivyo: Jelmer akiamini Nynke kaenda kumtazama Mama, Nynke akiamini kaenda Jelmer. Leo tofauti ilikuwa moja tu, kwamba ameachwa mahali ambapo watu wanaona.

Huko barabarani, watoto walisimama kituo cha mafuta wakiwa wameshaipita Antwerp, huko Ubelgiji. Nynke akaliendea gari la kaka yake na vikombe viwili vya kahawa, kimoja cha mama. Akachungulia dirishani akaona kioo, na ndani ya kioo uso wake mwenyewe. Akapiga simu ya Mama. Ikalia pale pale, chini ya kiti.

Ilikuwa imefika saa moja na nusu jioni, bado mwanga upo, magari yote mawili yalipoingia uwanjani. Nynke alishuka analia. Akamkumbatia mama yake pamoja na shuka, kisha akamgeukia kaka yake.

"Kazi yako ilikuwa moja tu, Jelmer. Kuniambia."

"Nilikuandikia. Si ungesoma?"

"Nasoma vipi na naendesha?"

"Na mimi ningejuaje kama hujamchukua? Mtu huangalia kiti cha nyuma."

"Mwenye kioo kitini ni nani, mimi au wewe?"

Walikuwa wanagombana juu ya kichwa chake, mmoja huku na mwingine kule, na yeye katikati ameketi bado. Froukje akasimama. Akakikunja kiti, akakipeleka mlangoni pa kanisa, akakiegemeza vizuri. Akarudi akasimama kati yao.

"Mlikuwa mnanong'ona nini jana asubuhi?" akawauliza.

Nynke akamtazama kaka yake. Jelmer akatazama viatu vyake.

"Mama, tulitaka kukuambia tukifika nyumbani," Nynke akasema. "Taratibu."

"Niambieni hapa. Sina haraka, nimekaa tangu saa nane."

Siri ikatoka. Walikuwa wamekubaliana kwamba duka lifungwe. Mama atapata nyumba ndogo karibu na Nynke, huko Utrecht, bila ngazi. Safari hii ilikuwa ya kuagana na magulio, ndiyo maana hawakununua kitu cha duka.

"Safari ya kuaga," Froukje akasema. "Na anayeagwa hajaambiwa."

"Tulikuonea huruma, Mama. Uko peke yako mle ndani."

"Niko peke yangu, ni kweli. Lakini mle ndani mtu akiingia huniuliza hiki ni nini, nami najua." Akazishika shuka vizuri mikononi. "Duka ni langu, na mimi silifungi. Jelmer, toa kioo chako kitini."

Jelmer akakitoa. Kikaingia nyuma ya gari la Nynke kwa shida, na waliporudi Uholanzi kilikuwa na ufa kwenye kona. Hakulalamika.

Baada ya hapo wanawe walipanga zamu: Jelmer Jumapili ya kwanza ya mwezi, Nynke ya tatu. Zamu ilishikwa vizuri hadi Krismasi. Baadaye Jelmer akawa anapiga simu, na anapopiga hakuwa anasema tena kwamba ana dakika tano tu, ingawa mara nyingi zilikuwa tano. Nynke aliendelea kuja. Froukje aliwapokea kwa furaha, na walipoondoka aliosha vikombe. Jumanne jioni alikuwa akienda maktaba kwenye darasa la Kifaransa, pamoja na mwalimu mmoja mstaafu na wasichana wawili waliochumbiwa Ubelgiji. Dukani, kati ya mteja na mteja, aliwauliza vitanda na makabati bei zao kwa Kifaransa, kwa sauti.

Septemba ilipofika aliliendesha gari jeupe peke yake. Alipotea mara mbili katika mji wa Gent, na kiti cha pembeni kilibeba ramani na kipande cha mkate wa sukari kilichomshinda. Mauricette alikuwa chini ya turubai lake, bila Fernand. Froukje, mjane mwenzake, akaelewa bila kuuliza.

"Aa," Mauricette akasema, "yule aliyesahauliwa. Na watoto wako wapi safari hii?"

"Safari hii mimi ndiye niliyewasahau," Froukje akajibu, kwa Kifaransa kilichonyooka. Mauricette akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni.

Wakavutana bei ya birika za bati kwa robo saa nzima. Froukje alishindwa, lakini alivutana. Mchana, alipokwisha kupakia, akaenda kwenye mkahawa ulioko ng'ambo ya kanisa, akachagua meza ya dirishani iliyoandaliwa watu wawili. Mhudumu akamuuliza kama kuna anayemsubiri. Akasema hakuna, akamwachia aondoe uma na kisu vya upande wa pili, akaagiza samaki.