Kompyuta ya Atija na Makaburi ya Mnangole

Mwaka ule wa 2013, mtu yeyote wa Palma aliyetaka picha ya bilhete, yaani kitambulisho, ya ndoa au ya kuombea kazi kwenye kampuni za gesi, alipitia kwa Atija Rizuane. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kabla ya kushika kamera alikuwa amepiga chapa miaka tisa katika ofisi za administração, yaani serikali ya wilaya. Chumba chake cha mbele kilikuwa na shuka jeupe ukutani, kiti kimoja, na pembeni, juu ya kreti mbili za soda, kompyuta nene ya kijivu ambayo nyumba nzima iliiita servidor.

Kompyuta hiyo haikuwa ya kuandikia wala ya kutazamia kitu. Kazi yake ilikuwa kutunza. Kila picha na kila video ambayo Atija aliwahi kupiga ilikuwa humo ndani. Aliyemfungia na kumfundisha ni Sérgio, fundi kutoka Beira aliyeletwa na serikali, ambaye baadaye alihamishiwa Pemba, mji mkuu wa mkoa. Kioo cha servidor kilionyesha maandishi meupe tu kwenye giza. Ukitaka kuona picha yenyewe, ulifungua laptop mezani, nayo ikaichota picha kutoka kwenye servidor kupitia rauta iliyotundikwa juu ya mlango.

Jumatatu moja asubuhi, Bibi Hafsa wa kijiji cha Mnangole alipiga hodi. Alikuwa amekuja kwa pikipiki ya kukodi, kanga imejaa vumbi jekundu mpaka kiunoni.

"Karibu, bibi. Kaa upumue kwanza."

"Nitapumua baadaye, mwanangu. Unamkumbuka marehemu wangu?"

"Mzee Abibo? Nimsahau vipi?"

"Siku ya harusi ya mjukuu wetu ulimpiga video kule makaburini. Alikuzungusha kaburi moja moja, akikutajia nani kalala wapi. Ile video ipo?"

"Ipo," alisema Atija.

Alilitoa neno hilo kabla hajafikiri. Kweli video ilikuwepo, lakini servidor ilikuwa na wiki tatu haijafunguka mpaka mwisho.

Bibi Hafsa alieleza kilichomleta. Mnangole ilikuwa katika vijiji vilivyoambiwa vitahama kupisha kiwanda cha gesi. Tume ilikuwa imepita kuandika nyumba, mashamba na makaburi, ili makaburi nayo yahamishwe kwa heshima. Mkuu wa tume, Senhor Custódio, aliandika makaburi kumi na manne.

"Amehesabu mawe," alisema Bibi Hafsa. "Sisi tangu lini tukamwekea jiwe kila mtu? Nimemwambia yako zaidi ya ishirini, akaniuliza ushahidi uko wapi. Aliyekuwa akiyajua yote ni Abibo, naye keshatangulia. Ijumaa wanafunga orodha."

Kisha akaongeza, "Mwanangu wa kwanza yuko pale. Hana jiwe."

Atija alimwambia aje na Senhor Custódio Alhamisi asubuhi. Alipoondoka, Atija alifunga mlango wa mbele, akabandika karatasi kwamba hakuna picha leo, akakaa kwenye kreti mbele ya mashine.

Kwa wiki tatu alikuwa akiiwasha, akasubiri, akakasirika, akaizima. Safari hii alichukua daftari. Aliwasha, akaangalia saa ya mkononi, akaandika kila kilichotokea kwenye kioo na muda wake. Mwanzoni jina la mtengenezaji, sekunde kumi. Kisha mstari uliosema mashine inatafuta pa kuanzia kwenye mtandao, ukatoa nukta moja moja, ukashindwa, ukarudia tena. Hapo zilipita dakika nne. Baada ya hapo mashine ilianza kuikagua diski yake yote na kuonyesha asilimia. Ilipofika thelathini na moja, umeme wa mji ulikatika.

Uliporudi alianza upya. Ikawa vilevile, ila safari hii umeme ulikatika kwenye hamsini na nane.

Alilisoma daftari lake. Zamani servidor ilifunguka kwa muda usiofika dakika mbili, na haikuwahi kutafuta pa kuanzia kwenye mtandao, kwa sababu Sérgio alikuwa ameiambia ianzie kwenye diski moja kwa moja. Basi imesahau ilichoambiwa. Hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye pembe ya juu ya kioo, penye tarehe: mosi Januari 2007. Alikuwa ameiona tarehe ile mara nyingi na kuipita tu, kama mtu anavyokipita kibao cha duka lililofungwa.

Saa inayorudi nyuma kila umeme ukikatika ni saa isiyo na betri. Atija aliichomoa mashine, akafungua ubavu wake, akapuliza vumbi na mchanga. Kwenye placa, ile bodi kuu inayobeba vitu vyote, kulikuwa na kibetri cha duara, bapa kama sarafu. Alikipeleka kwa Orlando, fundi wa redio wa sokoni, naye akakipima.

"Hiki kimekufa, dada Atija. Kinatakiwa kitoe volti tatu, hiki hakifiki hata moja."

"Unacho kingine?"

"Mimi nauza vya rimoti. Cha namna hii labda kutoka Mtwara, wiki ijayo."

Wiki ijayo haikumfaa. Alimpigia Sérgio Pemba, akamweleza yote, pamoja na ukaguzi wa diski usiokwisha.

"Yote ni jambo moja," alisema Sérgio. "Servidor inaamini ni 2007. Ikitazama diski, inakuta imetumika mara ya mwisho 2013. Kwake yeye hiyo ni siku ambayo haijafika, kwa hiyo inasema hapa kuna kasoro, inaanza kukagua. Na umeme ukikatika katikati, inaanza mwanzo. Weka pilha mpya mahali pa hicho kibetri kilichokufa, uirekebishe tarehe, uiambie ianzie kwenye diski. Usiguse kingine."

"Siwezi kuitoa ile video kwa pendraivu, nikaachana na haya?"

"Matundu ya pendraivu si yaliliwa na kutu mwaka jana?"

Ni kweli, yalikuwa yameliwa. Chumvi ya Palma haichagui. Kibodi tu ndiyo ilifanya kazi, kwa kuwa ilitumia tundu la zamani la duara.

Jumanne Atija alizunguka mji mzima na kibetri kilichokufa mkononi. Aliuliza kwenye maduka ya saa, kwa wauza tochi, kwenye nyumba mpya za wageni zilizojaa wafanyakazi wa kampuni. Alikipata mahali ambapo hakupafikiria, kwa Zaida, muuza dhahabu, ndani ya kimizani chake cha kupimia pete.

"Nikikupa hiki nitapima kwa macho?" aliuliza Zaida.

"Mpaka mzigo wa Mtwara ufike. Zaida, ni kwa ajili ya makaburi ya Mnangole."

Zaida alichukua kisu, akakibandua kibetri, akakifunga kwenye kipande cha pamba, akampa.

Mchana ule Atija alikipachika, akaiwasha mashine, akabonyeza kitufe alichoelekezwa na Sérgio, akaingia kwenye mipangilio ya placa. Aliandika tarehe ya siku ile, akaiweka diski juu ya orodha, akauondoa kabisa mtandao kwenye mambo ya kuanzia. Akahifadhi. Servidor ilizimika, ikawaka, na kwa saa yake ya mkononi ilifunguka kwa dakika moja na sekunde hamsini. Aliizima makusudi, akaichomoa ukutani, akasubiri robo saa, akaiwasha tena. Muda ukawa uleule.

Aliifungua laptop aitafute video. Aliona folda za 2011, akaona harusi, na alipokuwa akisogea kwenye video ya makaburini kila kitu kikaganda. Laptop ikamwambia servidor haipo.

"Haipo vipi na ninaitazama hapa?" alisema peke yake, kwa sauti.

Kilichomchosha zaidi ni kwamba tatizo hili halikuwa na mpango. Ilipatikana, ikapotea, ikarudi. Alibadilisha waya kati ya servidor na rauta, akafikiri amemaliza, lakini kabla ya magharibi ikapotea tena. Jumatano asubuhi ilifanya kazi saa mbili nzima bila kukwama, naye akaanza kuinakili video kwenda kwenye laptop. Ilikuwa kubwa, na laptop ilisema itachukua nusu saa. Saa sita na dakika hamsini, ikiwa imebaki robo, ikapotea.

Alirudi kwenye daftari. Tangu jana alikuwa akiandika saa ya kupotea na saa ya kurudi. Alisoma nyakati zile mara mbili, akainua kichwa, akamtazama mumewe Chamsudine, aliyekuwa ameingia muda ule kutoka kazini bandarini kula chakula cha mchana kama kawaida yake, na alikuwa akinawa mikono.

"Jana saa kumi na moja na nusu ulikuwa wapi?"

"Ndiyo nilikuwa narudi. Kwani vipi?"

"Na ulipokwenda msikitini isha?"

"Nikaenda, nikarudi. Atija, kuna nini?"

"Kila ukiingia humu ndani, servidor inapotea. Ukitoka, inarudi."

Chamsudine alijiangalia kana kwamba ana kitu kimebandikwa kwenye shati. "Mimi sijaigusa mashine yako."

"Wewe hujaigusa. Nipe simu."

Ilikuwa simu mpya ya kioo aliyoinunua mwezi uliopita, na ikifika nyumbani ilijiunga yenyewe kwenye rauta. Atija aliifungua, akatafuta namba ambayo rauta imeipa. Kila chombo kwenye mtandao wa nyumba hupewa namba yake, na servidor ilikuwa na namba moja ya kudumu, Sérgio aliipanga hivyo ili laptop ijue pa kuitafuta. Simu ya Chamsudine ilikuwa na namba ileile.

Sasa alielewa. Siku ambayo umeme ulirudi kwa kishindo, wiki tatu nyuma, rauta ilizimika, naye akaibonyeza kwa sindano mpaka ikawaka. Kumbe kwa sindano ile aliifuta kumbukumbu yake, pamoja na agizo la kutoigawa namba ya servidor. Rauta ikawa inaigawa kwa mgeni wa kwanza kufika, na laptop ilipoita namba ile waliitika wawili.

"Kwa hiyo kosa si langu," alisema Chamsudine.

"Ni langu. Kaa ule."

Aliingia kwenye rauta kwa laptop, akaitengea servidor namba yake, akaiamuru igawe nyingine tu kuanzia hapo. Akamwambia mumewe atoke nje na simu, aingie, atoke tena, aingie. Majirani walimwona Chamsudine akivuka kizingiti mara sita na sahani ya wali mkononi. Servidor haikutikisika. Saa nane na nusu video yote ilikuwa kwenye laptop.

Alhamisi Senhor Custódio alifika na Bibi Hafsa. Alikuwa mtu wa mkoa wa Zambézia, mnene kidogo, mwenye adabu, na Kiswahili chake alijifunzia Palma kwa mwaka mmoja.

"Dona Atija, naambiwa kuna ushahidi."

"Kuna mtu anazungumza, Senhor Custódio. Wewe sikiliza, uamue mwenyewe."

Kwenye kioo alitokea Mzee Abibo na kanzu ya harusini, fimbo mkononi, akikohoa. Bibi Hafsa alishika ukingo wa meza. Mzee alitembea taratibu, akasimama, akataja jina, jina la baba, na mwaka kama aliukumbuka, akasogea. Makaburi mengine yalikuwa na jiwe, mengine yalikuwa majani tu. Kwenye mkorosho mmoja alisimama, akatoka hapo akihesabu hatua kwa sauti mpaka tisa. "Hapa ni binti yetu, Rachida. Alikaa siku arobaini." Kisha akaendelea na mwingine, kwa sauti ileile.

Custódio alikuwa ameacha kuandika. Video ilipokwisha aliomba irudishwe mwanzo, na mara ya pili aliandika kila jina. Yalikuwa ishirini na matatu.

"Sifungi orodha kesho," alisema. "Jumamosi tunakwenda kuyaangalia."

Walikwenda, Atija na laptop begani, Custódio na watu wawili wa tume, na wazee wa Mnangole. Haikuwa kazi nyepesi. Miaka miwili kabla, baada ya ile harusi, mashine za watafiti wa gesi zilikuwa zimepasua njia iliyonyooka kupita pembeni ya makaburi, na mkorosho ule ulikuwa umekatwa. Walikipata kisiki chake chini ya majani. Custódio mwenyewe ndiye aliyehesabu hatua, akasimama kwenye ya tisa, akakumbuka kwamba Mzee Abibo alikuwa mfupi, akarudi nusu hatua. Palikuwa na kituta kidogo, na kichwani pamepandwa vipande vitatu vya matumbawe ambavyo havikufika hapo vyenyewe. Bibi Hafsa alichutama, akang'oa nyasi zilizokuwa juu yake kwa vidole, akaomba dua. Hakulia. Alimwuliza Custódio kama ameandika jina sawasawa, akamtaka amsomee.

Hadi adhuhuri walikuwa wamepata ishirini na mawili. La ishirini na tatu, la mvuvi mmoja wa zamani, liliangukia kwenye ile njia ya mashine, na hawakuona alama yoyote. Mmoja wa tume alitaka liachwe. Custódio alikataa. Aliandika jina la marehemu na mahali alipotajwa, na mbele yake akaandika kwamba kaburi lilipitiwa na njia. Wazee walisomewa, wakaweka saini na dole gumba.

Wiki iliyofuata walikuja watu wawili kutoka kijiji cha jirani, mke na mume, wakamwuliza Atija kama ana video ya makaburi yao pia. Hakuwa nayo. Aliwauliza ni nani kwao anayeyajua yote.

"Shangazi yangu," alisema mwanamke. "Lakini hatembei tena vizuri."

"Tutambeba," alisema Atija, akaenda kuchaji kamera.