Mama Mkwe, Mimi na Viti Vinavyotazamana

Sababu ya kuondoka Kisumu ilikuwa mtu mmoja mdogo aliyezaliwa Mombasa, na mama yake aliyekataa kulala. Mke wangu Atieno anafanya kazi Mombasa. Mimi ni mwalimu wa jiografia huku Maseno. Mtoto wetu wa kwanza alifariki usingizini akiwa na miezi miwili. Huyu wa pili, msichana, alipozaliwa, Atieno akawa anakesha akimtazama anavyopumua, na mchana pia anamtazama, mpaka vitu vikaanza kumponyoka mikononi. Daktari alisema mtoto hana shida yoyote, anayetaka kuangaliwa ni mama. Nikampigia Atieno simu kumwambia shule zikifungwa nitakuja. Akanijibu, "Wewe njoo, lakini niletee mama."

Basi kazi ikawa hiyo, kumpeleka mama mkwe kutoka Kisian hadi Mombasa. Basi la barabarani halimfai: humtapisha kabla ya Ahero, na mgongo wake hauna subira. Ndege aliikataa kwa hoja moja tu, kwamba chombo ambacho huwezi kumwambia dereva "shukisha hapa" si chombo cha mtu mzima kupanda. Ikabaki treni, ile ya zamani hadi Nairobi, kisha ile mpya hadi pwani. Na viti vilikuwa vya kawaida, vya kukaa wima safari nzima, kwa sababu mshahara wa mwalimu unajulikana.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu Wajaluo, mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, hawali wakitazamana, wala mmoja halali mbele ya mwenzake. Najua wapo vijana siku hizi wanaopiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, na sijasikia kwamba radi imewapiga. Lakini mimi nililelewa na bibi yangu, na Mama, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, ni mtu wa kale kuliko hata huyo bibi. Katika miaka sita ya ndoa yangu hatujawahi kukaa chini ya paa moja kwa muda unaozidi sala ya kufungua na sala ya kufunga.

Wiki mbili kabla ya safari nilichukua karatasi ya miraba nikachora behewa. Nilichora jinsi ninavyochora chumba cha mtihani, kila kiti na namba yake, ili mtu asiweze kuona alichoandika jirani. Mama nilimweka dirishani. Kando yake nilimweka shangazi yake Atieno, aitwaye Dorina, mwanamke mpana na mwenye maneno mengi, ambaye angekuwa ukuta. Mimi nikajiweka ng'ambo ya kijia, safu mbili nyuma. Mombasa nako nilishamwombea Mama chumba kwa jirani, ili asilale katika nyumba yangu. Niliitazama karatasi ile nikajipa alama zote.

Ijumaa, siku mbili kabla ya kuondoka, Dorina alishikwa na malaria. Mipango si matumizi.

Jumapili, saa kumi na moja jioni, tulikutana stesheni ya Kisumu. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kubeba kikapu kilichofunikwa kwa leso. Mimi nilikuwa na begi la nguo na mfuko wa mandazi na mayai ya kuchemsha. Tulisalimiana tukiwa mbali kwa hatua nne, yeye akitazama reli na mimi nikitazama viatu vyangu.

"Ora, umeshinda?" aliniuliza. Ora ndivyo mkwe huitwa kwetu.

"Nimeshinda, Mama. Kikapu nikusaidie?"

"Wacha tu. Wewe tangulia, mimi nakuja nyuma."

Treni ilipoanza kuondoka jua lilikuwa linazama upande wa ziwa, na muda si mrefu tukawa katikati ya miwa. Kwenye nafasi ya Dorina aliketi mzee mmoja Singasinga mwenye kilemba cha buluu, aliyejitambulisha kwa jina la Harbans. Alikuwa na duka la vyuma mjini na alikuwa anakwenda Nakuru kwa binti yake. Alimtazama Mama, akageuka akanitazama mimi niliyekuwa nimeinamisha kichwa safu mbili nyuma, kisha akacheka.

"Nyinyi ni oche, sindio?" alisema, kwa neno la Kijaluo la watu waliounganishwa na ndoa. "Mimi nimezaliwa Kisumu hapa. Hii kitu mimi najua. Mama, wewe ukitaka kumwambia huyu kitu, ambia mimi."

Mama akakubali papo hapo, na toka hapo nilizungumza na mama mkwe wangu kupitia kwa mwenye duka la vyuma. "Mama anauliza kama umefunga dirisha." "Mwambie nimefunga." "Anasema hiyo ya pili pia." Watu wa behewa letu walitusikiliza mpaka wakachoka. Mzee alipouliza kwa nini nimekaa mbali hivyo, nikamwonyesha ile karatasi yangu ya miraba.

Muhoroni, giza likiwa limeshaingia, tulisimama. Nje ya dirisha matrekta ya miwa yalikuwa yamepanga foleni, na harufu ya kiwanda cha sukari ikaingia ndani na kukaa nasi. Behewa zima likafungua vyakula. Mzee Harbans alitoa chapati na dengu, akamkaribisha Mama. Mama akasema ameshiba. Mzee akanigeukia mimi, nami nikasema nimeshiba. Alitutazama kwa zamu huku akitafuna.

Usiku wote huo sikulala, maana ningewezaje kukoroma mbele yake? Mama alijifunika leso kichwani, kwa hiyo sijui kama alilala. Aliyelala kwa niaba yetu sote ni Mzee Harbans.

Nakuru aliposhuka nilimsaidia kuteremsha sanduku lake. Pale mlangoni alinishika bega.

"Mwalimu, umenionyesha karatasi yako. Kila kitu umeandika. Sasa huyu mama atakula wapi? Hiyo sijaona."

"Amesema ameshiba, Mzee."

"Na wewe pia umesema," alijibu, akaenda zake.

Nairobi tulifika asubuhi. Nilinunua chai, nikaiweka kwenye benchi alipoketi Mama, nikaenda kusimama mbali ili nione kama atainywa. Nilipogeuka tena kikombe kilikuwa kitupu, nikafurahi. Saa nyingi baadaye ndipo nilipojua kwamba alimpa mama aliyekuwa anafagia, kwa sababu, kama alivyoniambia mwenyewe, "ulikuwa unaniangalia."

Mchana tulikuwa kwenye kituo cha treni mpya, ambako mizigo hupangwa mstari ili mbwa wa polisi aipitie. Mbwa alipita mabegi yote kwa haraka ya mtu mwenye kazi nyingine. Kwenye kikapu cha Mama akasimama, akakaa chini kabisa.

"Mama, hapa ndani kuna nini?" askari aliuliza.

"Samaki. Ngege ya kukaanga. Ni ya binti yangu amezaa."

Askari akamvuta mbwa, na ilibidi amvute kwa nguvu.

Tiketi za treni hii nilinunua kwa simu, na viti hugawiwa na mashine, mtu hachagui. Mashine haikuwa imelelewa na bibi. Ilitupa viti viwili vya dirishani vinavyotazamana, magoti kwa magoti, na meza ndogo katikati isiyotosha hata daftari. Nilimwomba mhudumu atubadilishie, akanionyesha behewa lililojaa pomoni. Kijana aliyeketi kando yangu alikuwa ameziba masikio kwa vipokea sauti vidogo. Nikakunja miguu yangu chini ya kiti mpaka ikafa ganzi. Mama akapakata kile kikapu, akakiinua mpaka kifuani, nami nikabaki kuona kitambaa chake cha kichwa tu. Tukaondoka hivyo.

Baada ya Mtito Andei watu waliinuka kutazama ndovu, wekundu kwa vumbi, wamesimama karibu kabisa na reli. Nikasema, "Mama, tazama ndovu." Hakugeuka. Hapo nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka sita: nikamtazama usoni. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso na mikono iliyoshika kikapu ilikuwa inatetemeka.

"Mama, unaumwa?"

"Ni joto tu."

"Mara ya mwisho ulikula lini?"

Aliinamisha kichwa. Kisha akasema, akiiambia leso iliyofunika kikapu, "Jumamosi jioni. Niliona nikikula Jumapili nitasumbua njiani. Na wewe?"

"Jumapili asubuhi."

Nilijikasirikia sana. Hii ilikuwa Jumatatu, jua limeshaanza kushuka. Watu wawili wazima tulikuwa tumevuka karibu nchi nzima na samaki, nyoyo zetu za mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mandazi na mayai mikononi, tukifa njaa kwa adabu. Nami nilikuwa nimebeba karatasi ya miraba yenye kila kitu isipokuwa tumbo la mama huyu. Atieno alikuwa anamngoja mtu wa kumshikia mtoto, na mtu mwenyewe nilikuwa karibu kumfikisha akiwa amebebwa. Niliogopa, nakiri.

Nikainuka. "Mama, miguu yangu imekufa ganzi. Nakwenda kuinyoosha kule mwisho wa behewa. Nitakaa huko mpaka Voi. Sitageuka nyuma."

Akakiteremsha kikapu magotini. Nikaenda, nikasimama karibu na mlango nikiupa mgongo behewa zima, nikihesabu nguzo ili nisije nikachungulia. Mtu mmoja aliniuliza kama nashuka Voi, nikamwambia hapana, nanyoosha miguu. Akanitazama miguuni.

Treni iliposimama Voi nilirudi polepole, nikikohoa kuanzia mbali. Kwenye ile meza ndogo kulikuwa na gazeti limetandikwa, na juu yake ngege mmoja mzima, nyoyo kiasi kwenye kibakuli, na kitambaa safi cha kunawia. Mikono ya Mama ilikuwa imetulia. Kabla sijaketi akashika ukingo wa kiti, akainuka.

"Ora, hata mimi miguu imekuwa ganzi," alisema. "Wacha nitembee kidogo."

Goti lake la kushoto ni bovu, kupanda kwenda kanisani kwao humchukua nusu saa. Lakini aliondoka, akishika kiti hadi kiti, treni nayo imeanza tena kwenda, mpaka akafika pale pale nilipokuwa nimesimama mimi. Akanipa mgongo. Nilikula ngege yule huku machozi yananitoka, na sioni haya kuyataja.

Yule kijana akatoa vipokea sauti masikioni. "Boss, mmekosana na huyu mama?"

"Hatujakosana," nikamwambia. "Tunapendana sana."

Akavirudisha masikioni.

Mombasa tulifika giza limeshaingia, na teksi ikatufikisha mlangoni, Mama mbele na dereva, mimi nyuma na mizigo. Atieno alifungua akiwa na mtoto begani, macho mekundu, nguo ameivaa nje ndani. Mama hakumsalimia kwanza. Aliomba maji ya moto, akanawa mpaka viwiko, akampokea mtoto, akaketi kwenye kiti cha jikoni.

"Lala," alimwambia.

"Mama, lazima mtu amwangalie anapumua."

"Nitamwangalia mimi. Sitasinzia. Nimekula vizuri leo."

Mimi nilikuwa nimebaki barazani, kama inavyofaa. Kupitia dirishani nilimwona mke wangu akilala juu ya kochi bila kuvua viatu, kabla mama yake hajamaliza sentensi. Aliamka kesho yake adhuhuri. Usiku ule Mama hakwenda katika kile chumba cha jirani nilichomwombea. Alikesha kwenye kiti, na mimi ndiye niliyekwenda kulala kwa jirani.

Baada ya siku kumi nilirudi peke yangu, kwa kuwa Mama alibaki mpaka Atieno atakapopata nguvu. Nimejifunza mambo mawili, nami nayasema kwa wanaume wenzangu wa ziwani watakaosafiri na mama wakwe zao. La kwanza, usipange heshima yako bila kumuuliza unayemheshimu atakula wapi. La pili, heshima si utumwa: zile hatua alizotembea na goti bovu hakuna mila iliyomlazimisha, angeweza kufumba macho tu nikala. Nilikuwa nadhani ile nafasi kati yetu ni ukuta. Kumbe mle ndani mama huyu alikuwa ananipenda muda wote, ila kwa mbali.

Treni ilipopita Voi, Atieno alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala.

"Mama anauliza kama umekula."

"Mwambie bado."

Nikasikia wakizungumza kwa Kijaluo, mtoto akilia kidogo, kisha akanyamazishwa.

"Anasema ule tu. Yeye hayupo hapo."

Kiti cha mbele yangu hakikuwa na mtu. Nikafungua chakula alichonifungia Mama, nikanyoosha miguu hadi upande wa pili, nikala nikikitazama kile kiti, na chakula hakikushuka vizuri.