Dada yangu alisukutua damu ya jino, taya halikupona sawasawa

Wakuu, salaam. Wenye umri wa wajukuu zangu, marahaba, maana najua mtaniamkia. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Shule niliishia darasa la pili, mwandiko mtanivumilia.

Nimeona kijana aliyeng'oa gego anauliza afanye nini mfupa upone. Nikamkumbuka dada yangu Mwanaidi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Tulihamishiwa kijiji kipya huku Mazingara, nyumba zimepangwa mstari. Mwanaidi ndiye aliyeongoza kasida za akina mama. Akianza yeye, hata anayepepeta mahindi anasimamisha ungo.

Gego likamwuma hadi shavu likavimba. Tukapanda lori la Salimu Kidogo (huyo naye alikuwa na maneno, tuyaache) mpaka Korogwe. Tabibu Mhina akaling'oa, akampa pamba aing'ate.

"Mama, damu itakayoganda kwenye shimo usiiguse. Ndiyo mbegu ya mfupa. Leo usisukutue, usiteme kwa nguvu, na ugoro weka mbali. Kuanzia kesho, maji ya chumvi, taratibu."

"Ugoro anatumia huyu mdogo wangu," akajibu Mwanaidi, pamba mdomoni. Tabibu akacheka.

Tulifika nyumbani magharibi inaadhiniwa. Akachukua kopo la udhu.

"Dada, tabibu kasema."

"Tabibu hatanisimamia mbele ya Mungu. Damu ni najisi, nitaswalije nayo mdomoni?"

Akasukutua, akatema, mpaka maji yakatoka meupe. Isha vilevile. Alfajiri vilevile.

Baada ya siku chache maumivu yakapanda hadi sikioni, mdomo unanuka. Shimo lilikuwa tupu, mfupa unaonekana. Mvua zilikata barabara, lori haliji.

Tulipomfikia tena Mhina, usaha ulishaingia kwenye taya. Vikatolewa vipande vya mfupa. Uhai alibaki nao, lakini shavu lilibonyea na mdomo haukufunguka tena vizuri. Kasida akamwachia Bi Mwantumu. Yeye akawa anakaa nyuma, pindo la kanga mdomoni, mpaka tunamzika.

Mwalimu Athumani wa msikitini alikuja kumjulia hali, akasikia kisa chote.

"Mwanangu, kusukutua ni sunna. Udhu ungetimia bila hiyo, na mgonjwa ana udhuru wake. Mbona hukuniuliza?"

"Niliona haya, mwalimu. Tulikuwa wageni."

Wakuu, hapo ndipo panaponiuma. Kule tulikotolewa, kumfikia mwalimu ni kutwa nzima kwa miguu. Pale kijijini mlango wake ulikuwa wa tatu kutoka kwetu.

Kijana, iache damu igande. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi kwa daktari usingoje. Na kama dini yako inakutia shaka, uliza kwanza, ndipo ushike kopo.

Waliopitia haya wamwambie na wao. Mimi nasoma polepole, lakini nasoma yote.