Maji ya Issack

Figo za Phanice Nyanchera zilipoacha kufanya kazi, aliwaachia wanawe, Bosire na wadogo zake, shamba la majani chai huko Manga, akapanga chumba mjini, mtaa wa Nyanchwa, ili awe karibu na hospitali. Kila wiki alikwenda mara mbili kusafishwa damu, na kila mara mashine ya jirani ilikuwa ya Ruqiya, msichana wa mjini aliyekuwa ameolewa na muuza vitambaa, Issack. Walizoeana. Walikatazwa kunywa maji mengi, kwa hiyo maongezi yao yalikuwa ya kiu: chai ya rangi ambayo Ruqiya angeinywa siku atakayopona, na kisima cha maji baridi kilichokuwa nyuma ya nyumba ya mama yake Phanice.

Kisha mifereji ikakauka mjini. Mashine za damu hazifanyi kazi bila maji, na tangi la hospitali lilikuwa tupu. Phanice alirudishwa nyumbani bila kusafishwa. Aliporudi siku ya pili, miguu ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa, na alipumua kama mtu aliyepanda mlima mbio. Ruqiya alikuwa pale, amejikunja kwenye benchi.

Issack ndiye aliyekwenda kutafuta lori la maji. Lilipoingia uani, watu walipiga makofi. Lakini lilibeba mapipa machache tu, na maji yale, baada ya kuchujwa, yangemtosha mgonjwa mmoja kwa asubuhi ile. Muuguzi Duke aliwapima wote, akasimama mbele ya Phanice.

"Mama Bosire, twende. Wewe mapafu yameanza kujaa."

"Na mke wangu?" Issack aliuliza. "Maji nimeleta mimi, daktari."

"Najua, ndugu yangu. Yeye anaweza kungoja lori lingine. Huyu mama hawezi."

Phanice alitaka kusema kwamba angengoja. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini pumzi haikumpa nafasi, na kwa kweli, aliogopa kufa.

"Mpelekeni Mama Bosire," Ruqiya alisema kutoka kwenye benchi. Issack akageuka, akatazama ukuta.

Lori la pili lilifika jioni, na Ruqiya akasafishwa. Ila hakupata nafuu kama zamani. Wiki mbili baadaye kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine, na Duke akamwambia Phanice kwa sauti ya chini kwamba moyo wa Ruqiya ulichoka, ukasimama.

"Ni ile siku?"

"Hapana, mama. Moyo wake ulikuwa mbaya tangu mwanzo."

Hakujua kama amwamini. Alijifunga leso kichwani, akaenda nyumbani kwa Issack kutoa pole. Wanawake wa nyumba ile walimkaribisha ndani, lakini aliomba kwanza amwone mwenye msiba.

Issack alikuja, macho mekundu.

"Baba, nilichukua maji yako," Phanice alisema.

"Nilikukasirikia sana, mama. Hata leo sijamaliza." Akavuta kiti. "Lakini yeye aliniuliza habari zako kila siku. Keti."

Phanice aliketi. Mmoja wa wanawake akamletea chai ya rangi, kikombe kimejaa hadi ukingoni. Kwa hali yake hakupaswa kuimaliza. Aliinywa kidogo kidogo, akilia, na hakuna aliyemkataza.