Namba Niliyoisikia Nikanyamaza

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka, hata leo, ugali hunishinda kumeza. Nilikuwa nimesimama kifua wazi katika darasa la shule moja hapa Likasi, kwenye mstari wa vijana waliokuja kuomba kazi ya polisi. Hatua chache nyuma yetu daktari alikuwa ananong'ona namba. Kila aliyefikiwa na zamu aliziba sikio moja, akasikiliza, akairudia namba kwa sauti. Huo ndio uliokuwa mtihani wa masikio, na mtu mzima wa afya angeumaliza kabla hajapiga chafya.

Masikio yangu yalikuwa mazima. Shule ndiyo iliyokuwa kidogo.

Daktari alinong'ona kwa Kifaransa. Mimi niliishia darasa la sita, na Kifaransa changu kilikuwa cha kusalimia tu. Namba nilizielewa, lakini kuzitamka mbele ya watu, hasa zile za kuanzia sabini, ulimi ulikuwa unajifunga. Kijana wa mbele yangu alikosea moja, mstari mzima ukacheka.

"Weye, rudia shule ya primaire kwanza!" mmoja akampigia kelele.

Zamu yangu ikafika. Nikasikia sabini na nane, wazi kama kengele ya kanisa. Nikanyamaza. Akanong'ona nyingine, nikanyamaza. Akaniambia nizibe sikio la pili, nikanyamaza tena huku natazama vidole vyangu vya miguu. Ningeweza kugeuka na kusema, "Docta, nasikia, ila naomba nijibu kwa Kiswahili." Maneno machache hayo. Sikuyasema. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilificha uchache wa shule yangu, na kwenye karatasi pakaandikwa kwamba mimi ni kiziwi.

"Jina yako inakatwa," karani wa mlangoni akaniambia. "Ni juu ya masikio. Kama haukubali, letea komanda barua, bakupime tena. Siku tatu, haipite."

Nje vijana walikuwa wameshapata habari. "Kiziwi wa mtaa wa Kikula! Tukuite na filimbi ao na ngoma?"

Nikacheka nao. Hata hilo, mwanangu, nilicheka nao.

Sasa ujue nilikuwa natafuta nini pale. Nilikuwa navunja mawe kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, palepale kifua cha baba yangu kilipoharibikia. Mama, aliyekuwa anauza unga sokoni, alishawaambia wenzake wa maombi kwamba mwanawe anatoka kwenye vumbi. Na umri wangu ulikuwa umefika ukingoni. Wakiandikisha tena, ningekuwa nimeupita ule wanaoukubali. Mlango ulikuwa huo mmoja.

Basi nikakaa kuandika barua. Mkono wangu ni mzito, herufi moja naichora kama mtu anayepanda mlima. Karatasi ya kwanza nilikata neno moja, nikaichana. Ya pili jasho lililowesha jina la komanda. Nikaanza kutafuta maneno ya Kifaransa ya kuipamba, ili anayesoma asijue nimesoma wapi nikaishia wapi.

Siku ya pili akaingia jirani yetu Papa Ilunga, mzee aliyekuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu.

"Kasongo, barua iko wapi?"

"Niko naandika, Papa."

"Tangu jana? Uko naandika barua ao uko napamba bibi-arusi?" Akaiokota moja chini, akaisogeza mbali na macho yake, akaisoma. "Hii inatosha. Inasema unasikia, inaomba bakupime. Tia jina, twende sasa hivi, minye nitakusindikiza."

"Iko na makosa, Papa. Nitapeleka kesho."

Akanirudishia karatasi. "Mutoto wangu, mbele ya docta ulinyamaza. Sasa unanyamaza na kwenye karatasi. Ile haya yako itakukula muzima."

Nikaitikia kwa kichwa, kama vijana tunavyoitikia wazee. Alipotoka nikachukua karatasi safi. Siku ya tatu yote niliimaliza nikinakili, nikipuliza wino ukauke, mpaka ofisi zikafungwa.

Asubuhi ya siku ya nne nilimkuta komanda amenipa mgongo, anapanga mafaili. Nikaweka barua mezani. Akageuka, akaisoma yote, akasema, "Mwandiko muzuri." Kisha akarudi kwenye mafaili yake, na kwa sauti ya chini, bila kunitazama, akauliza, "Unasikia nasema nini?"

"Ndiyo, komanda. Nasikia."

"Hata minye naona unasikia." Akavuta pumzi. "Lakini liste ya majina ilienda Lubumbashi jana mangaribi, saa ya kufunga. Sina namna ya kuirudisha."

Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mama hakunigombeza. Alirudi kwa wenzake wa maombi akawaambia mwenyewe, na tangu hapo hakunitaja tena katika maombi ya kazi. Alikufa mimi bado navunja mawe. Na sikio la kushoto, lile walilolikataa likiwa zima, mashine ya kusaga mawe imelimaliza kweli. Siku hizi karatasi yao haina uongo.

Nimesikia mtaani kwamba wewe na vijana wenzako mnajiandaa kwenda kupimwa kwa kazi ileile ya polisi. Sina faraja ya kukupa, nina maneno haya tu. Ukisikia, jibu, kwa lugha uliyonayo, hata wakicheka. Kicheko huisha kabla ya jioni. Wakikukata, usiondoke mlangoni bila kuuliza sababu, na uombe waiandike. Barua yako ikiwa mbaya, ipeleke ikiwa mbaya. Na mzee akikuambia twende, vaa viatu. Mimi sikuvaa.

Mungu akutangulie kwenye mlango ule, mwanangu. Akulegeze ulimi kwa wakati wake, akupe kazi ya kulisha nyumba yako, na mama yako aione kwa macho yake. Kwangu siombi tena. Nakuombea wewe. Amina.